Kometi Niliyoionyesha Karatu Nzima

Nikipita sokoni Karatu siku hizi kuna watu wananiita Kometi, na mimi naitika, maana nilijaribu kununa nikaona jina ndiyo kwanza linanoga midomoni mwao. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, na aibu zangu zote, kabla hamjasimuliwa na wale wanaopenda kuongeza chumvi (ingawa, kusema kweli, mkasa wenyewe hauhitaji chumvi).

Mimi ni fundi simu. Nilitoka Machame nikiwa kijana, nikaja Karatu kutafuta maisha, nikafungua kibanda changu, nikaoa, tukajaliwa binti yetu Upendo ambaye sasa yuko kidato cha tatu. Wenzangu wanapenda mpira, mimi napenda nyota, na kwa kuwa hapa mtaani hakuna wa kubishana naye kuhusu mashimo meusi, nilijiunga na grupu moja la simu la mashabiki wa anga, watu wa kila mkoa, wengine hata hawajawahi kushika darubini, na kazi yetu ilikuwa kubishana kama ulimwengu una mwisho, kama kuna viumbe huko, na kama udongo wa Mirihi unaweza kuotesha maharage (mjadala huo wa maharage ulichukua wiki na watu wakanuniana).

Humo ndani mimi nilikuwa na sifa moja, ya kushushua. Mtu akituma picha ya mwanga wa ajabu, mimi ndiye wa kwanza kumwambia hiyo ni ndege, hiyo ni taa, hicho ni kioo cha simu yako kichafu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Njombe, Lutengano, mtu mpole, siku moja akatuma picha ya nyota nyekundu juu ya kilima chao, nikaivuta, nikaitazama, nikamjibu mbele ya watu wote kwamba hiyo ni taa ya mnara wa simu, anunue miwani kwanza, darubini baadaye. Kweli ilikuwa taa ya mnara. Watu wakacheka siku nzima na mimi nikalala vizuri sana usiku ule. Yakumbukeni hayo ya miwani, yatarudi.

Sasa, mwanachama mmoja aliyekuwa anahamia nje ya nchi aliliachia grupu darubini yake kubwa, kitu cha maana hasa, akasema ipewe shule. Zikabaki shule mbili, ya Lutengano kule Njombe na ya Upendo wangu. Upendo alikuwa ameanzisha klabu ya nyota shuleni kwao akisaidiwa na Madamu Paskalina, mwalimu wao wa fizikia, na walikuwa wanatumia kidarubini changu ambacho mguu wake mmoja nimeufunga kwa mpira wa baiskeli, ukipumua karibu nacho mwezi unatoroka. Mtoto alikuwa anaitaka ile darubini kubwa kuliko nguo ya Krismasi. Alikuwa akiniuliza kila jioni kama wameamua, na mimi najibu kwamba atulie, baba yake ana heshima yake humo.

Ikatokea kwamba wiki ile ile kulikuwa na kometi, ile nyota yenye mkia, itakayoonekana magharibi mara tu baada ya jua kuzama. Adimini wetu, Dada Rehema wa Dodoma, akasema vizuri, Karatu na Njombe watuonyeshe kwa laivu, tuone anga lao na watu wao, kisha tutaamua. Siku yenyewe kuanzia asubuhi grupu zima likawa la vilio, Dodoma wingu, Mwanza mvua, Njombe hawaoni hata mti wa jirani. Na mimi nimekaa kibandani, nimefungua simu ya mteja, skurubu zote ziko mezani, sikutaka kunyanyuka, nikaona tu kipande cha jua kimeingia mlangoni, nikaandika: "Karatu kweupe. Jioni nawaonyesha."

Hayo tu. Sikutoka nje, sikutazama mlimani. Na mtu yeyote wa Karatu, hata aliyehamia juzi, anajua kwamba jua la mchana hapa halimdhamini mtu jioni, ukungu wa Ngorongoro una ratiba zake na hauombi ruhusa. Mimi nalijua hilo miaka yote. Lakini nilikwisha kuandika, na Dada Rehema akalibandika tangazo juu kabisa ya grupu, Upendo akamwambia Madamu Paskalina, Madamu akawaambia klabu, na klabu ikawaambia wazazi wao.

Jioni uani kwangu palikuwa na watu kama kuna msiba. Wanafunzi wamejipanga ukutani, Madamu Paskalina kavaa vizuri, majirani na watoto wao, na Mzee Salum mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye aliswali magharibi yake haraka akaja na kiti chake mwenyewe kwa sababu viti vyangu anavijua. Mke wangu akabandika chai sufuria kubwa. Na mimi nikatazama magharibi, kule mlimani, nikaona kijivu kitupu. Ukungu umeshuka umefunika msitu, umefunika mlima, umeungana na mbingu, huwezi kusema mlima unaishia wapi na anga linaanzia wapi.

Mke wangu akanisogelea na kikombe, akasema polepole, "Baba Upendo, waambie kuna ukungu. Si dhambi." Nikamwambia asubiri. Laivu ilikuwa imeshaanza, simu nimeifunga kwenye darubini, watu wanaingia mmoja mmoja na salamu zao, na Dada Rehema anawakaribisha, na mimi naongea tu, naongea kuhusu barafu na vumbi, huku nikizungusha darubini kwenye ule uji wa ukungu nikitafuta chochote.

Nikakiona. Kidoa cheupe, kina ukungu-ukungu pembeni kama kitabu kinavyosema, na kutoka kwenye kidoa kile kimetoka kimkia, chembamba, kimepinda kidogo. Moyo ulinipiga mpaka darubini ikatikisika. Nikasema, ndugu zangu, hiyo hapo. Watu wakapiga makofi uani, vikatuni vya mioyo vikajaa kwenye skrini, Mzee Salum akasema subhanallah, wanafunzi wakaanza kupanga foleni waione, na mimi (naomba mnisamehe) nikasema kwa sauti ya mtangazaji kwamba huenda Karatu ndiyo ya kwanza Tanzania kuionyesha.

Upendo ndiye aliyesogea wa kwanza kuitazama skrini. Akatazama muda mrefu. Kisha akaniangalia, akasema, "Baba, mkia unaelekea chini. Jua limezama huko huko chini."

Niwaeleze wasiojua. Mkia wa kometi husukumwa na jua, kwa hiyo siku zote huelekea upande ambao jua halipo. Jua likishazama, mkia unatakiwa uelekee juu. Hilo nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa tochi na kanga ya mama yake juu ya kamba ya nguo, akiwa bado shule ya msingi. Kwa hiyo nilijua. Pale pale aliposema, nilijua kabisa kwamba mtoto yuko sahihi na kwamba kile kitu si kometi. Na bado nikacheka, nikaigeukia simu, nikawaambia watu wote wale, "Huyu ni mwanafunzi tu, bado anajifunza, msimchukulie." Wenzake wakacheka. Wengine ni wale wale aliowashawishi yeye wajiunge na klabu. Yeye akatoka kwenye darubini akaenda kusimama karibu na mlango wa jiko, na mimi nikaendelea, nikatunga papo hapo nadharia ya mkia unaovutwa na ardhi, kitu ambacho hakipo duniani wala mbinguni, nikaipa na sababu mbili.

Uongo una njaa, ukishaulisha mara moja unataka tena. Lutengano akaandika kwenye laivu, kwa adabu zake zile, "Samahani kaka, mbona haishuki? Tangu umeanza iko pale pale." Na ni kweli, vitu vyote vya magharibi jioni vinashuka, hata mwezi, hata jua lenyewe, lakini kometi yangu ilikuwa imetia nanga. Nikamjibu kwa sauti kwamba tulishazungumza habari ya miwani. Watu wakacheka tena, ila safari hii si wengi, na Madamu Paskalina nilimwona anatazama viatu vyake.

Kisha upepo ukavuma. Sikuuomba. Ule ukungu ukachanika taratibu, ukaanza kuondoka kwa juu, na nyuma yake, kwenye mwanga ule wa mwisho wa jioni, ukatokea mlima. Mgongo wote wa mlima, mweusi, unasomeka vizuri. Na kometi yangu ilikuwa chini ya mgongo ule. Chini, jamani. Imekaa ubavuni mwa mlima, katikati ya msitu, na mlima uko juu yake umetulia.

Nikasahau hata kuzima simu. Halafu pembeni ya kometi ikawaka nyingine, na nyingine, na nyingine, zikajipanga mstari mmoja mnyoofu, na Mzee Salum akainuka kwenye kiti chake, akasogea kama mtu anayetaka kumtambua ndugu yake kwenye picha.

Akasema, "Baba Upendo, hiyo ni ile loji ninayoipelekea saruji. Na huo mkia ni moshi wa boila ya kuni, baridi inaushusha bondeni. Saa hizi wanawachemshia wageni maji ya kuoga."

Hakusema kwa ubaya, mzee wa watu, alikuwa anasaidia tu. Lakini laivu ilikuwa hewani na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita vibarua barabarani. Dodoma walisikia, Mwanza walisikia, na mmoja aliyeko nje ya nchi, si yule wa darubini, ambaye hajawahi kuandika neno tangu ajiunge, siku ile aliandika, akauliza wageni wamepata maji ya moto au bado. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mke wangu alianza kugawa chai kwa kasi, kama mtu anayezima moto. Mimi niliinama kwenye ule mguu wa darubini nikawa nafunga mpira wa baiskeli, naufungua, naufunga tena, sina pa kuweka uso. Nilipoinua macho kumtafuta Upendo mlangoni pa jiko, hakuwepo.

Grupuni nilitegemea Lutengano anilipe. Ningekuwa mimi ningemlipa na riba. Yeye akaandika tu kwamba hata yeye moshi ule ulikaribia kumdanganya, na kwamba yule binti aliyezungumzia mkia asikilizwe, ana jicho. Niliposoma hayo ndipo nilipoona aibu ya kweli, ile isiyo na kicheko ndani yake. Ya loji watu wangecheka ikapita. Lakini mgeni wa Njombe alimtetea mwanangu, na mimi baba yake nilimtoa kafara mbele ya wenzake ili nisionekane nimekosea, na nilifanya hivyo huku najua.

Darubini ikaenda Njombe. Dada Rehema alinipigia mwenyewe, kwa upole, akasema shida haikuwa ukungu, ukungu uko kila mahali, ila shule inahitaji mtu atakayewaambia watoto ukweli wa kilichoko mbele ya kioo. Sikubisha, kwa mara ya kwanza katika historia ya grupu lile. Kazi ya kumwambia Upendo ilikuwa yangu. Nikamwambia, nikamwomba na msamaha, nikasema nilijua kwamba alikuwa sahihi. Akaitikia, "Haya, baba," akaendelea kuosha vyombo. Bora angelia. Jioni zilizofuata hakuniuliza tena habari za nyota, akitoka shule ni shikamoo, chakula, na daftari zake. Na mimi kibandani nikawa nafunga mapema ili nisikutane na watu wanaokuja kuuliza kama natengeneza na boila.

Jioni moja nimekaa ndani, mlango nimeurudishia, nasikia watoto wa klabu uani na mama Upendo akicheka nao. Nikadhani wananicheka mimi, nikaongeza sauti ya redio. Mlango ukasukumwa. Alikuwa Upendo, amesimama kizingitini na kanga ya mama yake begani, na nyuma yake anga lilikuwa jeupe kabisa, mlima wote unaonekana, mpaka miti yake.

"Baba, njoo uitazame," akasema. "Ila usiandike kitu."

Nikaiacha simu juu ya meza nikatoka. Wenzake wakanipisha, hakuna aliyecheka, nadhani alikuwa amewaonya. Nikainama kwenye kidarubini chetu cha mpira wa baiskeli, nikazuia pumzi. Ilikuwa pale, juu ya mlima, mbali sana juu ya mlima, ndogo, wala haing'ai kama loji, na mkia wake ulikuwa umeelekea juu, kama alivyosema mwanangu.