Nyumba Asiyoingia Mzee Momanyi

Kwa miaka sita Mzee Momanyi wa Kebirigo alifyeka uwanja wa nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga ndani. Kila Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia. Usimcheke. Nyumba ilikuwa ya Angwenyi, mwanawe wa pekee, na kwetu Gusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata inyeshe mvua ya mawe. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Angwenyi alikuwa fundi mwashi. Mwaka 1971 alifunga nyumba kwa kufuli, akaenda Kuwait na mkewe. Kijinchi kidogo tu cha pwani, aliandika, lakini Baba, jana mchanga, leo lami, kesho ghorofa sita! Mzee akisomewa alicheka. "Lo! Na sisi choo cha kanisa hakijaisha." Kila barua iliishia na "nitarudi mwakani", na mzee aliamini. Ndiyo maana alifyeka, mwanawe asije akakuta kwake kichaka.

Mwaka 1977 paa la mzee likaoza. Persis, jirani aliyemsomea barua na kumwandikia, akampelekea Angwenyi habari hizo. Jibu lilipofika alilisoma vizuri, kisha akasita, akaruka mstari.

"Umeruka nini, mama?"

"Si kitu, baba."

"Soma."

Persis akasoma akiangalia chini: "Baba, kwa nini unyeshewe na nyumba yangu ipo bure? Vunja kufuli, uhamie. Lala kwenye kitanda changu."

Maskini Angwenyi! Aliandika kwa upendo mtupu. Lakini mzee alishika tama, machozi yakamtoka mbele ya mke wa mtu, wala hakujali. Afadhali angetukanwa. Mtoto anayemtukana baba yake bado anajua ni baba. Huyu alikuwa amesahau kwao wanaishije, na aliyesahau hayo harudi tena.

"Nimjibu nini, baba?"

"Mwambie nashukuru." Mzee akajifuta uso kwa kofia. "Mwambie nimeshahamia."

Persis aliangalia sufuria iliyokinga maji katikati ya chumba, akaandika alivyoambiwa.

Ijumaa iliyofuata mzee hakutoka. Alikaa kwake, tone moja moja likimwangukia begani, na panga likabaki mvunguni. Kufikia Desemba nyasi zilikuwa zimefika dirishani kwa Angwenyi.