Mwaka Nilioshindwa Kuamka

Baba alichimba shaba Kolwezi, huku Kongo, tangu alipoletwa kutoka Kasai akiwa kijana. Nilipochaguliwa kusomea katika hospitali ya mgodi, alitangaza kampi nzima kwamba mwanawe atakuwa daktari. Enzi zile za Wabelgiji sisi weusi tulifundishwa uuguzi tu, lakini hilo baba hakutaka kulisikia.

Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kushindwa kuamka. Kengele ilipolia, wenzangu walivaa kaptura zao nyeupe, mimi nikabaki nimelala, macho kwenye bati la bweni. Sikuumwa popote. Mifupa yote ya mkono niliijua kwa majina, na kuuinua mkono wangu mwenyewe nikashindwa. Sista aliyetusimamia alinipeleka kwa daktari. Akapima damu, akatafuta malaria, akatafuta minyoo, hakupata kitu.

“Mvivu,” akamwambia sista, nami nimesimama pale pale.

Nikarudishwa wodini. Nilibeba mabakuli, nilifunga vidonda, nilijibu “ndiyo, sista”. Ndani yangu palikuwa kimya kabisa.

Jumapili moja mama alikuja na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nikashindwa kumeza.

“Mwana, unakonda. Kuna nini?”

“Mama, mi nataka kurudia ku nyumba.”

Alitazama mlangoni kwanza. “Unajua nyumba ni ya kompani. Ukiacha masomo, bataita baba yako ku biro ya bakubwa ba mugodi. Atasema nini? Batu yote banajua kama uko unasoma budaktari.” Kisha akanishika shavu, akalia bila sauti. Sikumwomba tena.

Aliyenigundua ni mwenzangu wa kitanda cha jirani, kijana aliyetoka mji wa Mutshatsha, mchekeshaji wa darasa. Asubuhi moja wengine walipokwisha kutoka, alikaa ukingoni mwa kitanda changu.

“Miye pia niko vile,” alisema. “Naosha uso mingi juu batu basione machozi.”

“Wewe? Na vile unachekesha batu?”

“Nikinyamaza, bataniuliza.”

Tangu siku hiyo aliyeamka wa kwanza alimvuta mwenzake blanketi. Hatukuwa na jina la ugonjwa ule. Katika vitabu vyetu vya Kifaransa tulikuta wazimu, hatukukuta huzuni. Tulivutana hivyo miezi mingi, na kuna siku tulivaa viatu tukitukanana, na kuna siku tulicheka.

Likizo ilipofika alipanda treni kwenda kwao, asirudi. Tulisikia baadaye kwamba alikuwa akichoma makaa na mjomba wake, na kwamba baba yake hakusema naye. Nilimwonea wivu.

Mimi nilibaki. Nilipata cheti, baba akachinja mbuzi, majirani wakacheza mpaka vumbi likafunika viti. Nilikaa katikati yao na kaptura mpya, nikitabasamu kila nilipoangaliwa. Uzito ule ulipungua polepole baada ya miaka, nikiwa muuguzi wa zahanati ya Lubudi, na mpaka leo siwezi kusema ni siku gani nilianza tena kusikia njaa.