Mfalme Niliyemwinua

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Jambo hili nimewahi kulisimulia kwa watu wanne tu: pasta, daktari, mama yangu na kaka yangu. Pasta aliniombea, daktari akanipa dawa ya mishipa, mama akanishika kichwa, kaka akaniita mwongo. Nyinyi ni wa tano. Sikuota, sikulewa, wala haikuwa usiku ambapo mtu anaweza kusingizia giza. Ilikuwa saa kumi alasiri, siku ya Jumanne, ndani ya kibanda changu hapa Khayega, nikiwa na bisibisi mfukoni na akili zangu zote kichwani.

Mimi ni fundi wa redio, simu na chochote chenye waya. Tena ni mtu wa hasira, bora niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani. Hasira yangu siku hizo ilikuwa na jina. Jina lake ni Javan, kaka yangu wa tumbo moja, mwalimu wa shule ya msingi, yule yule aliyenifundisha kucheza chesi tukiwa wadogo kwa vifuniko vya soda.

Mwaka juzi kulikuwa na mashindano ya chesi Kakamega mjini, katika ukumbi wa kanisa. Fainali ikawa mimi na Javan. Watu walifurahi kuona ndugu wawili, hata mama akaja na kitenge chake kipya. Nikapoteza ngome moja kwa uzembe, na baada ya hapo nikaona wazi kwamba sina langu. Kwa wasioujua mchezo huu, mtu akiona ameshindwa halazimiki kungoja mfalme wake afungiwe kona. Anamlaza mwenyewe ubavu juu ya ubao, ananyoosha mkono, mshindi anaushika, yamekwisha. Ni heshima kwa wote wawili. Basi nikamlaza wangu, nikanyoosha mkono.

Javan hakuushika. Aliwaangalia watu, akacheka, akamwinua mfalme wangu kwa vidole viwili na kumsimamisha tena. "Cheza, bwana," akasema. "Watu wametoka mbali, wanataka kuona mwisho." Refa alikuwa nje anakunywa chai. Mkono wangu ulibaki hewani mbele ya ukumbi mzima. Nami, mjinga, nikacheza, akanikimbiza ubao mzima hatua kumi na moja kabla ya kunifunga. Watu walicheka wakashika mbavu. Siku ile nilimchukia ndugu yangu kwa chuki ambayo sikujua ninayo.

Tukaacha kusemezana. Mama akaapa hatampikia yeyote kati yetu Krismasi mpaka atuone tumeshikana mikono mbele yake. "Mimi nilizaanga watoto, sikuzaa majogoo," alisema. Nikamjibu kwamba mkono wa Javan nitaushika siku nitakayokuwa nimemshinda, si kabla.

Ndipo kikaja kile kifaa. Mama mmoja anayeuza vyombo vya umeme vya mtumba aliniletea gunia la vitu vilivyokufa, na ndani yake mlikuwa na ubao wa chesi wa elektroniki. Betri zilikuwa zimevujia ndani. Nikausafisha kwa siki, nikabadilisha waya mbili, ukafufuka. Mwenyewe hakujua ni kitu gani, akaniachia.

Ubao huo una akili, niaminini. Ndani yake mna michezo mia moja maarufu ya zamani, ya mabingwa ambao mifupa yao imeshakuwa udongo, na kijitabu chake kinaeleza kila mmoja. Unachagua nambari, unashika upande wa aliyeshinda, unakisia hatua yake. Ukikosea unakulilia. Ukipatia, vitaa vyekundu vya pembeni vinawaka kukuonyesha hatua aliyojibu mpinzani wake siku ile. Nilijifunza mengi. Nilijifunza kungoja. Nilijifunza kumtoa malkia wangu aliwe bila kutetemeka, nikijua nitalipwa mbele. Mchezo nilioupenda kuliko yote ulikuwa nambari kumi na saba, ambapo farasi wawili wanamzingira mfalme pole pole hadi hana pa kukanyaga.

Sasa sikilizeni kosa langu. Michezo mingi ile haifiki mwisho kabisa. Inaishia pale mshindwa alipomlaza mfalme wake, ubao unalia mara tatu, vitaa vinazimika. Mwanafunzi mwenye adabu hupanga kete upya. Lakini kuna kitufe cha kuendelea, na mimi nilikuwa nakibonyeza. Mashine inacheza kwa niaba ya yule mshindwa, nami namfukuza kona hadi kona mpaka namfunga. Nikishamfunga nasema kwa sauti, "Javan!" Kila siku baada ya chakula cha mchana. Nilipendezwa mno, siwafichi.

Jumanne hiyo mvua ilikuja na mawe, ile ya kwetu inayofika alasiri bila hodi. Stima ikapotea soko zima. Ubao wangu ulikuwa na betri, kwa hivyo niliendelea. Nilikuwa kwenye nambari kumi na saba, mfalme ameshalazwa, kidole changu kiko juu ya kitufe, mara mlango ukajaa mtu.

Alivaa koti zito la sufu, la nchi za baridi, limefungwa vifungo hadi kooni. Na lilikuwa kavu! Mvua ya mawe inapiga mabati huwezi kusikia redio, na huyu hana hata tone begani. Aliniamkia "Mulembe" kwa Kiluhya cha bibi yangu, kile cha wazee. Mkiniuliza sura yake ilikuwaje, au rangi yake, siwezi kujibu. Nilikaa naye uso kwa uso karibu nusu saa na sikumbuki kitu ila koti na mikono. Mikono ilikuwa mizuri, myembamba, ya mtu asiyeshika jembe.

Nikadhani amekuja kujikinga mvua. Sikumkaribisha. Kwetu mtu wa mvua hupewa kiti kabla hajaulizwa jina, lakini mimi nilikuwa nimekerwa. Akakaa mwenyewe kwenye stuli ya wateja, upande wa pili wa ubao.

"Unaendelea na huyo?" akaniuliza, akionyesha mfalme aliyelala.

"Huu ni mchezo wangu na hiki ni kibanda changu," nikamjibu.

Akaanza kupanga kete upya, zote thelathini na mbili, bila kunitazama. Kisha akacheza upande wa mshindwa. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano, zote zilikuwa zake yule wa nambari kumi na saba, na kila alipopeleka mkono vitaa viliwaka kabla hajagusa. Nami nikamjibu, maana mchezo huo naujua kama njia ya kwetu. Tukaenda hivyo mpaka farasi wangu wakamzingira. Akamtazama mfalme wake kwa muda mrefu. Akamlaza ubavu, akaninyooshea mkono.

Ndugu zangu, hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Niliuona ule mkono hewani na nikajua vizuri unavyohisi. Badala ya huruma, damu ilinichemka. Nilimwona Javan. Nilisikia ukumbi ukicheka. Nikamwinua mfalme wake kwa vidole viwili, nikasema, "Cheza, bwana. Mwisho haujafika."

Akarudisha mkono polepole. "Siku ile nilipomlaza," akasema, "aliyenishinda aliushika mkono wangu. Tulitoka pamoja, tukanywa kahawa. Watu wengi sana wamejifunza kwangu tangu hapo, na wote huishia hapo. Ni wewe peke yako unayeniinua. Kila mchana."

Nilielewa ninazungumza na nani, na bado sikuacha. Mnauliza kwa nini? Hata mimi nauliza.

"Baba yako alikuwa na fahali," akasema.

Alijuaje? Ni kweli, baba alifuga fahali wa kupigana, na alfajiri za Jumamosi ngoma za isukuti zikilia tulimfuata uwanjani. Fahali wa mwenzake akigeuza mkia, ndiyo kukiri ameshindwa, baba alikuwa wa kwanza kumrukia wake kwa fimbo na kumzuia, akipiga kelele, "Mwache, ameshasema!" Mtu aliyemwacha fahali wake amchome aliyegeuka hakusalimiwa na mtu wiki nzima. Nimekulia katika hayo.

"Cheza," nikasema tena.

Akacheza. Nilimkimbiza hatua tisa. Hakuna hata moja niliyoifurahia, lakini mkono ulikuwa unakwenda. Nilipomfunga, aliinama akanigusa kifundo cha mkono wa kulia kwa kidole kimoja. Kilikuwa cha baridi, baridi ya chuma cha asubuhi.

"Kama hutaki kuacha," akasema, "basi usiache."

Akaondoka kwenye mawe yale yale, na mama anayekaanga samaki mkabala na kibanda changu aliniuliza baadaye ni mgeni gani yule asiyelowa. Kwa hiyo msiniambie niliota.

Jioni stima iliporudi niliuwasha ubao nikachagua nambari kumi na saba. Kijitabu kinasema unaishia hatua ya thelathini na moja. Wangu uliendelea. Vitaa vilipita pale alipolazwa mfalme, vikaonyesha hatua zangu tisa, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Zimo ndani hadi leo.

Mkono ulianza na mambo madogo. Nikikaza skrubu, inafika mwisho, nami najua imefika, lakini mkono unakaza tu hadi kichwa cha skrubu kinakatika. Nikimwaga chai, kikombe kinajaa, kinafurika, mkono umeinamisha birika vile vile. Wateja wakaanza kupeleka redio zao kwa wengine. Na mtu akininyooshea mkono kunisalimia, wangu unajifunga ngumi na kurudi nyuma. Hapa kwetu, ambapo mtu humshika mkono hata anayemdharau! Niliitwa mwenye maringo.

Jumapili ya pili ya Desemba mama aliniita kwake baada ya ibada. Nikamkuta Javan ameketi, ameleta ubao wake wa kawaida. Mama alikuwa amepika obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, sufuria bado imefunikwa.

"Ulisema mpaka unishinde," Javan akasema. "Basi nishinde tumalize. Mama anazeeka."

Tukacheza. Sijawahi kucheza vile. Kila nilichofundishwa na wale wafu wa kwenye kifaa kilikuja chenyewe, na baada ya saa moja Javan alikuwa amezingirwa. Alikaa akitazama ubao, kisha akanitazama mimi. Akamlaza mfalme wake. Akanyoosha mkono.

"Nimeshindwa, mwana wa mama," akasema. "Na ile ya Kakamega nilikukosea sana. Nilitakanga watu wacheke tu. Nisamehe."

Naapa, chuki yote iliniisha pale pale. Nilimpenda ndugu yangu kama zamani tulipokuwa tukigombania vifuniko vya soda. Mama alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria, tayari kuufunua. Nikainua mkono wa kulia nimshike.

Mkono ulipita juu ya mkono wake. Uliupita kabisa, ukamchukua mfalme aliyelala, ukamsimamisha. Kisha ukamchukua farasi wangu ukamshambulia.

"Javan, si mimi," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Ni nani, basi?"

Nilishikwa na wazimu, nikamnyooshea wa kushoto. Wa kushoto, jamani, mbele ya mama, kwa ndugu anayeomba msamaha! Javan aliutazama. Mkono wake mwenyewe ulikuwa bado hewani. Akaurudisha, akachukua koti lake, akatoka. Mama aliurudisha mfuniko juu ya sufuria, na kuku yule hakuliwa na mtu.

Nilimfuata Javan hadi shuleni kwake kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema zamani nilikuwa na hasira tu, sasa nimeongeza uongo. Hatujasemezana tangu hapo. Mama hunisalimia kwa kunishika kichwani, kama mtoto.

Ubao nimeuzungushia gunia na kuufungia kabatini. Siuuzi, maana sitaki mwingine akutane na nambari kumi na saba yangu. Lakini vifaa vya aina hiyo ni vingi, na najua vijana wanajifunza kwavyo. Jifunzeni, sikatazi. Ila mkifika pale mshindwa alipomlaza mfalme wake, toeni mikono ubaoni, hata kama aliyeshindwa alikufa zamani na jina lake hamwezi kulitamka. Ameshasema.

Haya nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana yamechukua wiki tatu. Wa kulia nimeufunga kitambaa. Ukinikuta sokoni Khayega, nisalimie kwa mdomo tu, nitaitika kwa furaha. Usininyooshee mkono.