Mwenye Mji Nimefika

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini haujawahi kuniponza kama ulivyoniponza kwenye mapokezi ya gesti moja pale Kibiti.

Tulikuwa wanawake watatu, marafiki tangu chuo cha ualimu, tumetoka Dar es Salaam asubuhi kwa gari dogo la mmoja wetu. Mwenye gari ndiye aliyekuwa dereva. Wa pili alikuwa mpangaji wa safari, na sharti lake lilikuwa moja tu: tulale gesti za bei ya chini, zile za maji ya ndoo na neti yenye viraka. Kesho yake tulikuwa tuvuke kwa boti kwenda Salale, kisha Kiongoroni karibu na bahari. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchekesha. Kila safari ndiyo kazi yangu.

Tulifika gesti baada ya alasiri. Mapokezini alikaa mzee mmoja mwembamba, kofia kichwani, mbele yake kitabu cha wageni na furushi la nguo lililofungwa kwa kanga. Tukamwamkia, akaitikia taratibu. Nikaandika jina, kazi, ninakotoka na ninakokwenda. Kwenye safu ya kabila nikaandika Mnyamwezi. Akakigeuza kitabu, akasoma, akainua macho.

"Aa, kumbe mtani!" akasema.

Yeye alikuwa Mndengereko. Sisi Wanyamwezi na watu wa Pwani tunataniana tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakishuka huku na mizigo begani. Mtani haombi ruhusa. Anakwapua kofia yako, anakuita mtumwa wake, anadai mke wako au mume wako ni wake, nawe huna haki ya kununa. Na mimi ulimi ulikuwa unaniwasha tangu Mkuranga.

"Kumbe ni wewe, mume wangu!" nikapaza sauti, nikaipiga meza. "Nakutafuta Tabora nzima, kumbe umejificha huku unajilia wali kwa kamba! Huyo mwanamke uliyemweka ndani mwambie afungashe. Mwenye mji nimefika!"

Rafiki zangu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliweka kiganja chake juu ya lile furushi.

"Ameshafungasha, mtani," akasema. "Mzigo wake huu hapa. Tumemzika juzi."

Sijawahi kushtuka vile. Kalamu ilinitoka mkononi, nikaisikia ikibiringika sakafuni, na baada ya hapo sikusikia kitu. Niliona midomo ya mpangaji wetu ikicheza bila sauti. Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Nikaanza, "Nisamehe, mzee wangu, sikujua, nisamehe," nikairudia na kuirudia, mpaka akainua mkono kuninyamazisha.

"Mtani haombi samahani," akasema. "Umesema sawa."

Akatueleza. Marehemu alikuwa wa Salale na amezikwa huko kwao. Yeye alikuwa amevuka kuja kuchukua nguo zake, maana kesho ilikuwa siku ya kuondoa tanga na nguo za marehemu zingegawiwa ndugu. Akamkuta mwanamke wa mapokezi anaumwa, basi akakaa yeye, kwa kuwa gesti ni yake na wageni hawawezi kusimama nje.

"Amezikwa kimya," akaongeza. "Watani wa kumwigiza marehemu msibani hawakuwepo. Mwanamke aliyeishi kwa kucheka, hakuna hata mmoja aliyemcheka." Akanitazama. "Kesho mnavuka. Njoo umcheke mwenzangu."

Chumbani niliwaambia wenzangu siendi. Nilikuwa na hasira, kwanza na nafsi yangu, halafu na yule mzee, halafu na hicho kitabu chenye safu ya kabila. Mtu gani anaalikwa kumcheka maiti asiyemjua? Mpangaji wetu alikuwa anafunga neti kwa kamba ya kiatu. Hakugeuka hata kunitazama.

"Umelianzisha mwenyewe," akasema. "Utalimaliza."

Asubuhi tulipanda boti Nyamisati pamoja na mzee. Alikaa na furushi mapajani, mikoko ikipita huku na huku. Dereva wetu alimpa chapati. Akashukuru, akaishika, na tulipoteremka Salale bado ilikuwa mkononi mwake, nzima.

Nilitarajia kukuta nyuso za kunilaumu. Lakini mzee aliposema tu mimi ni nani, wanawake waliokuwa wakipika uani walipiga yowe, "Kaja mtani! Kaja mtani!" utadhani wameletewa bibi harusi. Nilishtuka upya. Mdogo wake marehemu akanivuta nyuma ya jiko.

"Wee mwana, tusikilizane," akaninong'oneza. "Shemeji yangu tangu Alhamisi hajatia kitu mdomoni ila maji. Kulia halii, kulala halali. Tunaogopa tutamfukia na yeye. Mwenziwe alikuwa akimwita chakulani hivi."

Akanionyesha. Marehemu alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Akishapakua, aligonga sufuria kwa upawa mara tatu na kuita, "Wee babu, mpaka nikubebe?" Kisha akalifungua furushi, akanifunga kanga ya marehemu kiunoni. Ilikuwa bado inanukia udi.

Nikatoka nikichechemea. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha ungo. Wanaume waliokuwa mkekani barazani wakageuka, na shehe akainamia tasbihi yake. Mzee sikuthubutu kumtazama. Niligonga sufuria mara moja, mara ya pili, ya tatu.

"Wee babu, mpaka nikubebe?"

Mkekani hakuinuka mtu. Nikajua nimeharibu. Ndipo nikasikia mtu akiguna, ule mguno wa mume aliyeitwa hivyo miaka mingi.

"Nakuja, mwanamke, nakuja."

Alikuja akanawa, akakaa mbele ya sinia. Akafinyanga tonge, akalitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, sote tukimtazama.

"Chumvi umesahau tena," akasema.

Hapo machozi yakamtoka. Yalimtiririka hadi kwenye ndevu naye hakuacha kula, tonge baada ya tonge, na uani watu walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilisimama na upawa wangu mkononi. Nilikuwa nimekuja kufanya mzaha, na mtu alikuwa anakula.

Kiongoroni hatukufika. Maji yalipojaa tukaambiwa boti ya kurudi inaondoka. Nguo zilikuwa zimekwisha kugawiwa, nikaikunja ile kanga nikampelekea mzee kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Hiyo yako," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Si ulisema mwenye mji umefika?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaikunjua, nikajifunga tena. Tulipofika Nyamisati nilikuwa bado nimeifunga kiunoni.