Kitabu cha Kumi Sikukisoma

Barua hii imetufikia hapa gazetini, upande wa Kenya, ikiwa imeshonewa ndani ya kola ya shati. Jina la mwenyewe tunalo sisi na litabaki kwetu. Nyinyi mpeni akili tu.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, fundi cherehani hapa Tororo, Mwislamu, mwenye mke mmoja, watoto watatu na kitambi kilichopungua chenyewe tangu sukari iadimike. Mke wangu na watoto wako Busia, upande wa Kenya. Walivuka miaka miwili iliyopita, askari walipoanza kuingia nyumba za mtaa wetu bila hodi. Mimi nikabaki na mama yangu mzee, ambaye amesema nyumba ile atatoka akiwa amebebwa. Nami siwezi kumbeba kabla ya wakati.

Barua tunaogopa kuandikiana, maana hufunguliwa njiani. Lakini mke wangu ni mpenzi wa vile vitabu vya hadithi ya mfalme aliyefukuzwa, anayeutafuta mlima wake, na kila akiukaribia mlima unahama. Huko Kenya vinauzwa dukani, kipya kila baada ya miezi miwili mitatu. Akimaliza kusoma humpa Nafula, mama mmoja wa kijiji cha Masinya anayevusha sabuni kwa njia za mashambani, aniletee. Askari wakimkuta hufungua kurasa mbili tatu za mwanzo, wanaona picha ya farasi mwenye mabawa, wanacheka, wanamrudishia. Ndani kabisa, baada ya ukurasa wa mia, mke wangu anakuwa ameandika pembeni kwa penseli. Mimi hujibu chini yake, kitabu kinarudi.

Alikuwa akiandika utani tu. Kwamba malkia ananuna kama shangazi yangu. Nami namjibu kwamba shangazi ananuna vizuri zaidi. Basi ndoa yetu ikawa ndiyo hiyo, pembeni mwa kitabu cha farasi mwenye mabawa.

Tatizo ni yule mfalme. Kitabu cha kwanza kilisema safari ni ya siku saba. Kufika cha nane bado anatafuta kivuko. Katika cha tisa farasi akaanza kueleza ukoo wake, babu kwa babu, kurasa arobaini. Nikakifunga. Nikamwambia mama kwamba huyu mwandishi hana nia ya kumfikisha mtu. Mama akaniuliza ni nani aliyefika siku hizi.

Cha kumi kilipokuja nilisoma kurasa kumi, nikakiweka chini ya mguu wa cherehani, maana sakafu yangu ina shimo. Nikajiambia nitakisoma wiki ijayo. Nafula kila akipita ananicheka: "Fundi, kitabu moja miezi mbili? Hata mihogo ya Kirewa inaiva."

Niliona aibu. Kumwambia mke wangu kwamba mfalme wake amenichosha nilishindwa, kwa kuwa nilijua kule hana kingine cha kumchekesha. Kwa hiyo nikamtuma Nafula kwa mdomo: "Mwambie nimekisoma chote, na mwisho wake umenifurahisha sana." Cha kumi na moja kikaja, nikasema hivyo hivyo, kikaenda juu ya mwenzake. Cha kumi na mbili pia. Cherehani yangu haijawahi kutulia vile.

Wiki iliyopita mteja wa Molo, hii ya kwetu Tororo, alileta kitambaa cha shati la harusi ya mwanawe. Karatasi ya kuchorea kola haipatikani mjini. Nikachomoa kitabu cha kumi, nikafungua nyuma kutafuta ukurasa mtupu, mkasi mkononi. Ukurasa wa mwisho haukuwa mtupu. Penseli ya mke wangu ilikuwa imeujaza mpaka karibu na chini:

"Kaka ananiita Nakuru niende na watoto, kuna nyumba na shule. Huko sitapata wa kukuletea kitabu. Ukisema nikungoje hapa mpakani, nakungoja hata miaka kumi. Maneno haya siwezi kumpa Nafula, mdomo wake ni soko. Nijibu hapa hapa."

Na mimi nilikuwa nimekwisha kumjibu. Kwa mdomo wa Nafula: "Mwisho wake umenifurahisha sana."

Nikachomoa cha kumi na moja. Ukurasa wa mia na kitu, pembeni, neno moja: "Haya." Cha kumi na mbili nimekisoma chote, ndugu zangu, neno kwa neno, hata farasi nimemsikiliza, nikitafuta alama ya penseli. Hakuna. Mfalme naye hajafika.

Nimemdodosa Nafula. Anasema bado wako Busia, lakini masanduku yamefungwa, wanangoja shule zifungwe. Yeye atapita kwangu mara moja tu kabla ya hapo. Kwenda mwenyewe, mwanamume akionekana anaelekea mpakani anaulizwa anakimbia nini, na mama hana mwingine wa kumchotea maji.

Kola nimekatia gazeti. Kitabu cha kumi kiko mbele yangu, na chini ya swali lake pamebaki nafasi ya mistari minne. Nimeandika na kufuta mpaka karatasi imeota manyoya. Nikisema nilisoma nikanyamaza, mimi ni katili. Nikisema kweli, kwamba nilichoka na mfalme wala si yeye, najua atakachoniambia: "Mtu aliyeshindwa kumngoja mfalme wa karatasi ataningoja mimi?" Na hata akinisamehe, nina haki gani ya kumwambia akae pale na watoto, wakati mwenyewe sijui nitavuka lini? Lakini akienda Nakuru, mimi nitabaki na cherehani, mama, na mwamba wetu wa Tororo, ambao angalau hauhami.

Nishaurini, wenzangu. Katika mistari minne niandike nini? Na kama wewe mwenye penseli unasoma hapa, maana najua ukurasa huu wa ushauri huuanza kabla ya ule wa mapishi, nijibu katika ukurasa wowote upendao. Sasa nasoma zote.