Daraja la Simu na Sauti ya Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika eksichenji ya simu ya Kisii nilivaa tai, na Msimamizi wa Eksichenji akaitazama tai kabla ya kunitazama usoni.

"Wewe ndiwe wa shahada mbili?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ivue hiyo kabla haijanaswa na nyaya za wasichana wa bodi. Hapa hakuna anayepigwa picha."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Katika miaka ya sitini nilikuwa fundi mitambo Nairobi, kisha nikapelekwa ng'ambo kusomea uzamili wa uhandisi wa mawasiliano. Nilirudi nikiamini kwamba kila tatizo la simu ni hesabu ambayo bado haijafanywa.

Wasomaji wangu vijana, mnaokutana leo kwenye kioo cha kompyuta huku kila mmoja akiwa kwake, huenda hamjawahi kuiona bodi ya simu. Ilikuwa kama kabati refu lililojaa vitundu, na kila kitundu kilikuwa mwisho wa waya wa mteja mmoja. Mteja wa Nyamache alipozungusha mkono wa simu yake, kifuniko kidogo kilianguka juu ya kitundu chake. Opareta akachomeka waya, akauliza, "Nambari, tafadhali?", kisha akachomeka ncha ya pili katika kitundu cha anayetakiwa. Watu wawili waliunganishwa hivyo. Watatu walikuwa shida.

Shida hiyo ililetwa kwangu na Mhandisi wa Mkoa, aliyekaa Kisumu na kuchukia barabara zetu za udongo. "Nataka kuzungumza na Kisii na Nyamira kwa wakati mmoja, nikiwa nimekaa," aliniambia. "Ulisomea nini huko, kama si hilo?"

Nikajenga kile tulichokiita daraja: transfoma chache zilizofungwa kwenye ubao, pamoja na vikuza sauti viwili vya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Kanuni yake ni rahisi. Sauti katika waya ni umeme, na umeme ukigawanywa kwa watu watatu, kila mmoja hupata kipande. Mitambo ya leo haigawanyi. Huibadilisha sauti na picha kuwa tarakimu, hukata tarakimu hizo vipande vidogo, na kompyuta iliyo katikati humtumia kila mmoja nakala kamili. Sisi hatukuwa na nakala. Ukiongeza nguvu ya kikuza sauti ili kufidia, sauti huzunguka na kujirudia mpaka laini inapiga mluzi. Kwa hiyo ilibidi mtu akae kwenye daraja na vidole juu ya vidhibiti, akisikiliza kila neno, na pale sauti ya mmoja ilipodidimia, airudie kwa mdomo wake. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kulisawazisha.

Sasa lazima niseme jambo ambalo si la uhandisi. Sisi Abagusii tuna adabu iitwayo chinsoni: staha, na pia aibu, kati ya watu ambao hawapaswi kusikilizana mambo ya mwili. Baba na mke wa mwanawe wamo. Mkwe na mama mkwe wamo zaidi ya wote. Mimi nilipomwona mama mkwe wangu akija njiani Ekerenyo nilishuka kando na kutazama majani ya chai. Hatukupeana mikono kamwe.

Na mama mkwe wangu alikuwa mkunga mkuu katika kituo kimoja cha afya upande wa Nyamira. Alipopiga simu eksichenji aliongea na maopareta, nami nilikaa mbali. Utaratibu huo ulitufaa sote wawili.

Alasiri moja mvua ya mawe ilipiga milima yote. Opareta mkuu aliingia katika chumba changu bila kubisha.

"Mhandisi, Nyamira wana mama aliyejifungua na hali ni mbaya. Daktari wetu hapa amekwama, barabara imekatika. Anataka bingwa wa uzazi aliye Kisumu awe kwenye laini pamoja na mkunga. Wote watatu." Akapunguza sauti. "Mkunga ni yeye."

Niliunganisha. Laini ya Nyamira ilikuwa nyaya tupu juu ya nguzo, na nyaya zikilowa umeme huvujia ardhini. Nilimsikia mama mkwe vizuri, kwa sababu nilikuwa karibu naye katika waya. Bingwa hakumsikia kabisa, na daktari wetu alipata mkwaruzo tu.

"Opareta," alisema bingwa, "mkunga amesema nini?"

Mama mkwe alikuwa amesema waziwazi, kama kazi yake inavyotaka. Alitaja kondo la nyuma, alitaja uke, alitaja wingi wa damu, na mahali vidole vyake vilipofika. Nami nilijua kwamba lolote nitakalolitamka, atalisikia.

"Anasema," nikaanza, "kuna kitu cha ndani hakijatoka."

"Kitu gani? Mwanamke ana vitu vingi ndani."

"Kile kinachofuata baada ya mtoto."

"Chote, au kipande? Na damu?"

"Ipo, daktari."

"Najua ipo. Nauliza inatoka vipi. Wewe ni opareta au kasisi?"

Nyuma yangu maopareta wawili walikuwa mlangoni. Mmoja alicheka kidogo. Nilikuwa nachagua maneno, nayatupa, nachagua mengine, kama mtu anayetafuta njia kavu katika shamba lililofurika. Ndipo mama mkwe akasema:

"Baba Kemunto, sema nilivyosema. Nina mtu hapa."

Hakuwahi kuniita kwenye simu, kwa jina hilo la binti yangu, kabla ya hapo.

Nikafumba macho, nikayasema. Yote, neno kwa neno. Bingwa akatoa maagizo, nami nikayarudisha Nyamira: aingize mkono vipi, ashike wapi, akande tumbo namna gani. Bingwa aliuliza, nikatamka. Mama mkwe alijibu, nikatamka. Hatimaye alisema kondo limetoka lote na damu inapungua, nami nikalirudia hilo pia, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Yule mama aliishi, ingawa alilala kituoni muda mrefu akiwa hana nguvu.

Msimamizi alitaka kuandika barua ya sifa isomwe mbele ya wafanyakazi. Nilimsihi asiandike.

"Unaona aibu ya nini? Umeokoa mtu."

"Mzee, kila neno la barua hiyo litawakumbusha nani alikuwa kwenye laini."

Alikuwa mtu wa pwani. Alinitazama kwa huruma bila kuelewa, akaiacha barua. Lakini sokoni Mosocho walikuwa wameshajua, na watu walinisalimu kwa uangalifu mno.

Nyumbani kwa wakwe zangu wengine walisema nipeleke mbuzi wa kusafisha aibu, wengine, wakiwa Waadventista, wakasema maombi yanatosha. Mama mkwe mwenyewe alituma neno kwa mke wangu: nisifike mpaka aniite. Aliniita baada ya mavuno ya mahindi. Nilikaa sebuleni, yeye akakaa jikoni, ukuta ukiwa kati yetu.

"Baba Kemunto."

"Mama."

"Maneno yale sikuyakasirikia. Ni ya kazi." Nilimsikia akisogeza sufuria. "Ulikawia. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mtu, nahisi anapoa, na wewe ulikuwa unaniheshimu."

Mpaka siku hiyo ya jikoni nilikuwa nimeona aibu kwa sababu niliyatamka.

Baadaye nilihamishiwa Kisumu, kisha Nairobi, nikafunga mitambo isiyohitaji mtu katikati, nikastaafu nikiwa na cheo kirefu. Vijana huniuliza ni kifaa gani kilipoteza sauti zaidi katika enzi zetu. Huwaeleza kuhusu nyaya zilizolowa na transfoma zilizogawanya, na nina hesabu za vyote viwili. Upotevu wa alasiri ile nimeujumlisha mara nyingi. Mvua ilichukua sehemu yake, daraja likachukua yake, na kila mara hubaki kiasi ambacho hakitokani na waya wowote.