Adhana Niliyoitoa Manah

Jamani, hili la Manah nilikuwa nimeapa kulificha, lakini kwa kuwa limeshafika mpaka harusini Ibra (na wasimulizi wanalitia chumvi), bora mlisikie kwangu mwenyewe mwenye aibu yangu.

Tangu mke wangu Zuwena afariki nafuturu peke yangu nyumbani Sur, hapa Oman, sahani moja, kikombe kimoja, televisheni ndiyo msemaji, mpaka siku moja Ramadhani iliyopita nikachoka, nikawasha gari nikaenda Manah walikotoka babu zake, angalau nifuturu na watu.

Nikakuta wanaume wametandika mikeka nje ya msikiti mkongwe, na msimamizi wake, Bwana Khalfan, mzaliwa wa Unguja kama mimi, akanipokea kwa Kiswahili nikataka kulia. Akanitembeza ndani: nguzo nene, mihrabu ya plasta iliyochongwa maua na kupachikwa vibakuli vya Kichina. Ulipojengwa msikiti mpya wenye kiyoyozi, huu ukawa chuo cha Kurani, kisha ghala la tende (kuta bado zinanata), na sasa ni wa wageni kupiga picha.

"Humu hakuadhiniwi tena?" nikamuuliza.

"Aadhiniwe nani, kaka? Watu wote wako kule."

Akatoka kupanga futari, nikabaki na ule ukimya, na wallahi uliniuma, maana nyumbani kwangu ni vivyo hivyo. Mara simu ikatetemeka mfukoni: Magharibi. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya majabali, nikasema leo nitaupa sauti, nikapanda ngazi mpaka juu ya paa (misikiti ya zamani ya huku haina mnara), nikaadhini kwa pumzi zangu zote, na nilipoona chini mikono inakwenda kwenye tende nikajivuna, nikazidi kuivuta.

Nikashuka natabasamu, nikaketi, na tende bado iko mkononi, msikiti mpya ukaanza: Allahu Akbar.

Mkeka mzima ukaacha kutafuna. Mzee mmoja akatema tende kiganjani, akaitazama.

"Saa yako ya wapi, kaka?" Bwana Khalfan akaniuliza polepole.

"Ya... Sur."

Sur iko mashariki, jua lake huzama kabla ya la Manah, na mimi simu sikuibadilisha mji! Nimewafuturisha watu mchana, siku nzima ya kulipa. Hakuna aliyenitukana, na ningeshukuru wangenitukana. Bwana Khalfan akanisogezea sahani.

"Kula, kaka. Hapa mwenye saumu ni wewe tu."

Baada ya Idi akanipigia simu kunambia wanalipa Alkhamisi. Mimi sikudaiwa, lakini nikafunga. Sur ikaadhini, nikaiacha ipite, nikakaa mezani na tende yangu nikingojea Magharibi ya Manah, dakika chache tu lakini ndefu, nyumba kimya.

Kuadhini nimeacha kabisa, nikiombwa nasema nina mafua. Lakini jioni ile ya Alkhamisi, kwa mara ya kwanza tangu Zuwena aondoke, nilifuturu na watu.